Kibaoni na Kikombe cha Wakfu

Tuliondoka mjini Mpanda baada ya swala ya Alfajiri, sisi wajumbe wanne wa kamati ya msikiti pamoja na dereva, kuelekea Kibaoni, zaidi ya kilomita 100 kusini. Sababu ya safari ilikuwa barua. Ndugu zetu wa msikiti mmoja wa huko walituarifu kwamba wanakusudia kukifanya chumba cha madrasa kuwa malazi ya wasafiri, wagonjwa na wajawazito wanaongojea usafiri, wakaomba tuwachangie mikeka 20 na mablanketi. Barua ilikuwa fupi na yenye adabu. Mikeka tulikuwa nayo. Hata hivyo hatukuituma kwa gari la mizigo kama ambavyo tungefanya miaka ya nyuma. Tulikata shauri tuende wenyewe, na sababu yake tutaieleza mbele, kwa kuwa si jambo la kujivunia.

Mwenye kuijua njia hiyo anajua kwamba baada ya Sitalike, pale viboko wanapojazana katika maji ya mto Katuma, safari hubadilika. Barabara huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na vioo vya gari hufungwa hata joto liwe kali namna gani, kwa hofu ya mbung'o. Watatu waliingia vilevile, na mzee wetu aliyeketi nyuma akashughulika nao kwa kofia yake hadi tulipotoka msituni. Tuliwaona twiga na pundamilia tukamtukuza Muumba. Walakini fikra zetu zilibaki kwa mdudu yule mdogo, maana yeye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya historia ya nchi hii.

Wakati wa utawala wa Waingereza, ugonjwa wa malale ulipoenea katika nyika za magharibi mwa Tanganyika, serikali iliwatoa watu katika vijiji vilivyotawanyika msituni, ikawakusanya katika makazi ya pamoja na kufyeka vichaka ili mbung'o akose pa kujificha. Wapimbwe, wenyeji wa bonde hili, walikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Miongo kadhaa baadaye, wakimbizi wa Burundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972 walipopewa makazi ya Katumba karibu na Mpanda, kisha Mishamo kuanzia mwaka 1978, mpango ulikuwa kinyume cha ule: kila familia ilipewa shamba lake na kujenga nyumba yake. Wengi wao leo ni raia wenzetu, na baadhi ni majirani zetu safuni. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo la 1972. Tunayataja haya kwa kuwa mkoa wetu umewahi kuwakusanya watu ili kuwakinga na maradhi, na umewahi pia kuwapokea wageni kwa kuwatawanya. Kuwakusanya watu mahali pamoja si jambo dogo. Huenda kukamfukuza adui mmoja na kumfungulia mlango mwingine ambaye hapo kwanza hakuwa na njia.

Kibaoni ni njia panda. Anayetoka Mpanda kwenda Sumbawanga hupita hapo, na anayeteremka Usevya na Majimoto kwenye mashamba ya mpunga huachana na mwenzake hapo. Wasomaji wengi watalijua jina hilo kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Mzee Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015. Lakini kwa mtu aliyeshuka garini saa tatu ya usiku, mvua inanyesha, hana ndugu wala nauli ya kuendelea, Kibaoni ni baraza la msikiti.

Waislamu wa hapo si wengi, na msikiti wao ni mdogo, wa matofali ya kuchoma na bati. Barazani tuliwakuta vijana wawili wa kuvuna mpunga wakiwa na mafurushi yao, mama mmoja na mwanawe aliyekuwa akikohoa, na bibi kizee aliyekuwa akingoja gari la kumpeleka hospitali. Hawakuulizwa dini yao. Maalim wa msikiti, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba wakati wa masika hulala hapo watu 10, siku nyingine 15, na mvua ikikata barabara huzidi. Ndiyo maana wanataka kukifungua chumba cha madrasa. Ibn Sabil, msafiri aliyeishiwa, amewekewa fungu lake katika zaka kwa agizo la Qur'ani Tukufu, na ndugu hawa walikuwa wakimtimizia haki yake kwa mikono yao wenyewe, bila kungoja mtu wa mjini awafundishe. Tuliona haya kidogo.

Pembeni mwa baraza ulikuwapo mtungi wa maji, na juu yake kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo mwembamba. Maalim alitueleza kwa taadhima kwamba kikombe kile ni wakfu. Aliyekiweka ni mama mmoja wa mtaa ule, marehemu sasa, na kila anayekunywa humwombea. Kijana wa kuvuna alikuwa amekitumbukiza mtungini, akanywa, akakirudisha. Kisha yule mama akamnywesha mwanawe kwa kikombe hichohicho.

Hapo ndipo tulipolazimika kusema kilichotuleta.

Katika masika ya mwaka mmoja uliopita, mvua ziliangusha nyumba za udongo katika mtaa wetu, nasi tukafungua madrasa. Walikuja watu 43. Tuliifurahia kazi ile. Chakula kilikuwa kingi kuliko watu, mashuka yaliletwa hadi tukakosa pa kuyaweka, na vijana walikesha wakichemsha chai. Maji ya kunywa yalikuwa katika jaba moja lenye kikombe kimoja. Choo kilikuwa na matundu mawili, na moja lilikuwa limejaa. Madirisha tuliyafunga kwa ajili ya baridi na mbu. Siku ya nne watoto walianza kuhara na kutapika, siku ya tano wakafuata watu wazima, na siku ya sita mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili alirejea kwa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yake alikuwa amekuja kwetu akiwa na mtoto mzima.

Aliyeshika kalamu ya kamati ndiye anayeandika haya, nasi tumekisoma tena kitabu cha kumbukumbu cha siku zile. Mna hesabu ya mchele kwa kilo, ya mafuta kwa lita, na majina ya waliochangia. Juu ya choo hamna hata mstari mmoja.

Baadaye bwana afya alikuja akatufanyia hesabu ambayo tungeweza kuifanya wenyewe siku ya kwanza. Vipimo vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani kote ni tundu moja la choo kwa watu 20, lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa, kupikia na kujisafisha, na nafasi ya kulala ya mita za mraba tatu na nusu kwa kila mmoja. Watu 43 walihitaji lita 645 kwa siku, yaani ndoo kubwa 32 na ushei. Sisi tulikuwa tukichota sita. Vyumba vyetu viwili vina mita za mraba 60, na vingewatosha watu 17. Waliobaki tungeweza kuwagawa katika nyumba zetu, familia kwa familia, na hakuna miongoni mwetu ambaye angekataa. Hatukuombana tu.

Maalim alisikiliza hadi mwisho. Kisha, bila ukali, akauliza swali ambalo tulilitarajia, kwa sababu na sisi tuliulizana siku zile za msiba: je, si kila kitu kwa kadari? Na mgeni akiona kikombe kinafichwa na mkeka wake unawekwa mbali na wa mwenzake, hatadhani anatengwa? Mzee mmoja aliyekuwa ameketi naye aliongeza kwamba baraza lile limelaza watu tangu msikiti ujengwe na hajasikia aliyekufa. Si maneno ya ujinga hayo. Mwenye kuyadharau hajawahi kumkaribisha mtu.

Tulimjibu kwa kisa anachokijua kuliko sisi, cha tauni ya Amwas, mwaka 18 Hijria. Sayyidna Umar (ra) alikuwa njiani kuelekea Shamu akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akafanya shura, akaamua kurudi. Abu Ubayda (ra) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba wanatoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake, kisha akapiga mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, ni kwa kadari. Ndipo Abdurrahman bin Awf (ra) alipowahadithia mafundisho ya Mtume (SAW) ya kutoingia katika nchi yenye tauni wala kutoka humo kwa kuikimbia. Mfano wa bonde na majani ulihitaji maelezo pale mjini. Hapo Kibaoni haukuhitaji. Mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akifunga baiskeli yake karibu nasi aliinua kichwa na kusema, “Kweli hiyo,” kisha akaendelea kufunga.

Sehemu ya kisa hicho isiyosimuliwa sana mimbarini ndiyo inayotuhusu zaidi. Tauni ile iliwachukua Abu Ubayda na baada yake Muadh bin Jabal, Mwenyezi Mungu awaridhie, na uongozi ukamfikia Amr bin al-As (ra). Yeye aliwaamuru watu watoke katika mkusanyiko wao na kutawanyika milimani. Waliokuwa wamebanana wakaachana.

Mjumbe wetu mmoja ni mzaliwa wa Kigoma, na hapo akaeleza aliyoyaona Mei 2015. Mwaka huo, machafuko ya kisiasa ya Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na maji ya Ziwa Tanganyika, kisicho na njia nyepesi ila ya majini. Watu walilala ufukweni. Vyoo vilikuwa haba, na maji ya kunywa yalikuwa yaleyale ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wamefika kama 3,000, wapya 300 hadi 400 kila siku, na waliofariki walikuwa 31, wawili kati yao wenyeji wa Tanzania. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwavusha watu kwa mamia hadi Kigoma mjini, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kwa mabasi katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwenzetu alikuwa miongoni mwa vijana wa misikiti waliopeleka uji pale uwanjani. Anakumbuka kwamba langoni hakuna aliyepita, awe mgonjwa, daktari au mleta uji, bila kunawa mikono kwa maji yenye klorini.

Watu 31 ni wengi. Lakini aliyeishi ng'ambo ya pili ya Kongo anajua ingekuwaje. Julai 1994, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma ndani ya siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano ambako shimo la choo halichimbiki, wakinywa maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na baada yake kuhara damu. Ugonjwa ulikuwa uleule. Kagunga, mbali ya idadi ya watu kuwa ndogo, maji yalitiwa dawa mapema, wagonjwa walinyweshwa maji ya chumvi na sukari bila kuchelewa au kutundikiwa dripu, na mkusanyiko ulipunguzwa kila siku kwa meli. Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa maji mwilini. Akirudishiwa maji hayo kwa wakati, hawafi hata mmoja katika mia.

Tulikuwa tumekaa muda mrefu, na jua lilikuwa limefika barazani. Aliyeyageuza mazungumzo kuwa kazi ni mama mmoja wa darsa la wanawake, ambaye hadi wakati huo alikuwa akituandalia chai upande wa pili wa pazia. Alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba wanaume wamezungumza juu ya Shamu na Kongo na hakuna aliyeuliza nani anaosha nepi za watoto wa wageni na wapi anamwaga maji yake. Maalim alicheka akamwambia, “Mama, ingia utufundishe.” Na kweli alitufundisha. Watu hudhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, wakakitupa kichakani au kukifuta kwa kitambaa. Yeye aliwahi kumsikia muuguzi akisema kwamba hicho ndicho chenye hatari zaidi. Alisema pia kwamba choo cha msikiti hakina taa, na mwanamke mgeni hawezi kukiendea usiku, hivyo atatafuta pembe ya ukuta. Tulikumbuka onyo la Mtume (SAW) kuhusu wanaojisaidia kwenye maji, njiani na kivulini. Tulikuwa tumelitolea hotuba mara nyingi, bila kujiuliza kama mgeni wetu amepewa pa kwenda.

Basi tukaanza kupima. Chumba cha madrasa kina hatua nane kwa sita, na kwa nafasi ya kweli kitalaza watu wanane, si 20. Mikeka 12 tulirudi nayo garini. Ya wanane itatandikwa kwa umbali wa mita moja, na waliokaribiana watalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, ili pumzi zisikutane. Madirisha yatabaki wazi na wageni watalala ndani ya vyandarua, maana kifua kikuu hupenda chumba kilichofungwa kuliko mbu apendavyo kilicho wazi. Anayekohoa atalala barazani penye upepo, kwa maneno mazuri, na akiwa amekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa makohozi. Anayehara apewe choo chake peke yake, na anayemhudumia asishike chakula cha wengine. Na wakizidi wanane, Maalim atatangaza baada ya swala ya Isha nani anachukua familia ipi nyumbani kwake.

Juu ya kunawa, tuliongea kwa urefu kuliko tulivyotarajia. Mzee yule wa kwanza alisema Mwislamu hutawadha mara tano kwa siku, ana haja gani ya sabuni? Swali zuri. Udhu ni ibada na tohara, na hauwezi kubadilishwa na kitu kingine. Lakini mafuta na uchafu usioonekana vidoleni hauondoki kwa maji matupu, hasa maji ya birika moja ambamo kila mtu anachovya kiganja chake. Mtume (SAW) alimfundisha aliyeamka usingizini asitie mkono chomboni kabla ya kuuosha, kwa kuwa hajui ulilala wapi. Kijana mmoja wa kuvuna alikwenda nyuma ya msikiti, akarudi na dumu la lita tano, kamba na fito, na kabla mjadala haujaisha akawa amesimamisha kibuyu chirizi karibu na choo, cha kukanyagwa kwa mguu. Kipande cha sabuni kilitundikwa kwa soksi. Siku sabuni itakapokosekana, majivu ya jikoni yatumike.

Kwa akina mama wa nyumbani wanaosoma ukurasa huu, tunaandika kipimo ambacho mama yule alikiandika ukutani kwa mkaa: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, visawazishwe, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Mtoto anyweshwe kidogokidogo baada ya kila kuhara, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati hima. Lau tungekijua kipimo hiki usiku ule wa tano, tungekuwa na jambo la kufanya wakati tukingoja gari.

Kilibaki kikombe. Hakuna aliyependa kukigusa. Mali ya wakfu haiuzwi wala haitupwi, na Maalim alisema kwamba watoto wa marehemu wanaswali hapohapo safu ya pili. Kununua kikombe kipya kisha kukifungia hiki kabatini kungekuwa kumkatia mama yule thawabu zake. Tulijadiliana hadi adhana ya Adhuhuri. Ni mzee yule yule, aliyekuwa na mashaka tangu asubuhi, aliyesema kwamba wakfu wake ulikuwa maji kuwafikia watu, na haukuwa midomo kukigusa kikombe.

Baada ya swala kilipelekwa kwa fundi baiskeli wa njia panda. Aliukata mnyororo, akachomelea kwenye ukingo wake mpini wa chuma, mrefu kama mkono wa mtu mzima, akakipinda kidogo ili kiwe kata. Tulikirudisha kikiwa bado na joto. Mtungi ulipata kifuniko cha ubao na kando yake vikombe vya plastiki vya kuoshwa kila mtu na chake. Mwana mkubwa wa marehemu ndiye aliyechota kwanza, akammiminia bibi kizee aliyekuwa bado anangoja gari, na bibi, bila kuambiwa na mtu, akauliza jina la aliyeweka maji yale ili amwombee.

Gari lake lilikuja saa kumi. Nasi tuliondoka nyuma yake, tukaufikia msitu jua likiwa bado juu, tukafunga vioo.